Delmar na Kesi ya Samaki Bi Harusi

Mume wangu Delmar Futch hawezi kuchagua. Nasema hivi kwa mapenzi, lakini nasema. Mpeleke kwenye mgahawa wa mji wetu, Wimauma, asubuhi, mhudumu atamwongezea kahawa mpaka birika likauke kabla hajajua kama anataka mayai au soseji. Wazee wanaokaa karibu na dirisha wamemzoea. Lyle Stancil, jirani yetu, humpigia kelele kutoka meza ya pili: "Delmar, kuku ameshataga mengine! Agiza, baba, tufe tumekuona ukila!" Naye hutabasamu, anageuza karatasi ya vyakula, anaanza kusoma tena kutoka juu. Mwishowe hula nilichoagiza mimi.

Kunioa ndiyo usiseme. Alinizungusha miaka, mpaka siku moja nikamwambia nimeshaongea na mchungaji na ukumbi umepatikana. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi. "Asante, Faye," akasema. Mpaka leo sijui kama nilipewa mume au nilijichukulia mwenyewe.

Sasa mtu wa namna hiyo, serikali ya Florida ikampa kazi gani? Ikamfanya hakimu wa samaki. Huku kwetu ndiko wanakofugwa samaki wa mapambo, wale wa rangi rangi wanaowekwa kwenye matangi ya vioo sebuleni na kwa daktari wa meno. Karibu wote asili yao ni mito ya mbali. Kazi ya Delmar ni kupima kila mgeni: huyu akitoroka, au mwenye tangi akimchoka na kummwaga mtaroni, atakufa kimya kimya au atazaliana na kula mayai ya samaki wetu mpaka mito iharibike? Wapo waliokwisha kutufanyia hivyo, na mto ukishavamiwa hakuna wa kuurudisha. Kwa hiyo yapo maswali, mengi kama ya mahari, na kila swali lina majibu matatu: ndiyo, hapana, sijui.

Hilo la tatu Delmar hulitumia kama chumvi. Bosi wake, Bi Prewitt, mama mwembamba asiyependa kupotezewa muda, aliwahi kumuuliza mbele ya watu, "Delmar, niliajiri mtaalamu au shahidi wa ajali aliyekuwa amefumba macho?"

Msinielewe vibaya. Mume wangu si mjinga. Shida yake ni kwamba anaona pande zote mbili za kitu mpaka kitu chenyewe kinampotea. Waswahili husema njia mbili zilimshinda fisi. Delmar zinamshinda hata moja, akiona ina kona.

Basi ikaja zamu ya Bi Harusi, na hapo ndipo kichwa cha Delmar, na changu, na cha kila mtu aliyetukaribia, kilipovurugika.

Bi Harusi ni samaki wa wifi yangu, Twyla. Twyla ndiye dada mkubwa wa Delmar, na ndiye mama yake pia ukipenda, kwa sababu mama yao alifariki Delmar akiwa bado anaburuta blanketi. Twyla alimlea pale pale mabwawani, akimfunga kamba kiunoni ili asitumbukie wakati yeye anavua. Mimi na wifi yangu ni chanda na pete Jumatatu, paka na panya Jumanne. Ana ulimi kama wembe. Siku ya harusi yangu alinishika mkono akaniambia, "Wifi, umechukua gari zuri lakini halina usukani." Nilicheka, halafu nikaenda chooni kulia, halafu nikacheka tena.

Huyo samaki aliingia nchini akiwa kitu kidogo cha kijivu kutoka mto mmoja wa Amerika ya Kusini, hakuna aliyemtazama mara mbili. Twyla alimtazama. Kizazi baada ya kizazi alichagua wale wenye mapezi marefu kidogo, weupe kidogo, akawaozesha wao kwa wao, mpaka akapata samaki mweupe mwenye mapezi yanayoburuta nyuma yake kama shela. Maduka ya Chicago mpaka Toronto yakamtaka. Wakati huo samaki wadogo wa kawaida walikuwa wanaletwa kwa ndege kutoka Asia kwa bei ya kutupa, wafugaji wengi wa hapa wakauza mabwawa. Twyla akajaza Bi Harusi kila bwawa alilokuwa nalo. Mayai yote kikapu kimoja. Kwa hiyo Delmar akisema samaki huyu ni hatari, atapigwa marufuku Florida nzima, na Twyla hana kingine cha kuuza ila ardhi. Wajenzi wa nyumba za wastaafu walikuwa wameshaninginiza kadi yao getini kwake, na yeye alikuwa ameshaitumia kuwashia jiko.

Delmar alikwenda kwa Bi Prewitt akajitoa. "Mama, yule ni dada yangu wa damu. Mpe mwingine."

Bi Prewitt akamtazama juu ya miwani. "Nimtoe wapi mtu wa Wimauma asiye na ndugu bwawani? Katibu wangu ni binti wa mfugaji. Dereva ni mkwe wa mfugaji. Wewe angalau unaogopa. Pima, andika ukweli, mimi nitapitia mstari kwa mstari."

Akarudi nyumbani na faili, na meza yangu ya jikoni ikawa mahakama.

"Faye," ananiambia, nami nakaanga samaki, "hapa wanauliza, je, amefugwa kwa vizazi vingi? Jibu ni ndiyo. Sasa hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Nzuri. Mnyama wa kufugwa ni mjinga. Muangalie kuku."

"Lakini kufugwa kwingi kunamfanya azoee mahali. Kwa hiyo ni mbaya."

"Basi mbaya."

"Lakini mapezi yale marefu yanamchelewesha kukimbia. Kila samaki mkubwa atamla. Kwa hiyo nzuri."

"Delmar, utakula au hutakula?"

Alifikiri. Naapa alifikiri.

Swali lililobeba kesi nzima lilikuwa moja tu: je, anaweza kuvuka majira ya baridi ya hapa? Maana samaki wa joto akitoroka mwezi wa Juni huogelea kama mfalme, lakini Januari umande unapoganda juu ya mistroberi, anageuka tumbo juu. Baridi ndiyo polisi wetu. Samaki anayekufa kwa baridi hana hatari kubwa. Samaki anayeivuka, mfungie mlango.

Ofisini walimjaribu Bi Harusi kwenye tangi. Wakapoza maji pole pole, na kabla hayajapoa kama ya Januari, wote wakalala chini, wakafa. Delmar alikuja nyumbani anapiga mluzi. Nikampigia simu Twyla mimi mwenyewe.

"Wifi, wamekufa wote!"

"Asante Mun... ngoja. Nifurahi?"

"Furahi!"

"Haya, nimefurahi," akasema, na sauti yake haikuwa imefurahi. Wale walikuwa watoto wake wa kuchagua mmoja mmoja.

Halafu ikaja Januari yenyewe. Redio ikatangaza jalidi, ile baridi ya kugandisha umande, na kila mfugaji akafanya kama baba yake alivyofanya: akafungua pampu. Maji ya kisima huku kwetu hayajui majira. Julai ni vuguvugu, Januari ni vuguvugu, yanatoka chini sana kwenye mwamba. Unayasukuma ndani ya bwawa kutwa kucha, unafunika plastiki juu, samaki hawajui kama kuna baridi, na maji yanayozidi yanamwagikia kwenye mtaro nyuma ya mashamba. Delmar akiwa mtoto, asubuhi za jalidi alikuwa anavua viatu na kuingiza miguu kwenye mtaro ule kabla ya kwenda shule. Twyla anapenda kunisimulia hilo.

Vitabu vya kazi yake vinasema ukitaka kujua kama samaki anavuka baridi, nenda kavue mara tu baada ya jalidi. Kwa hiyo jua lilipochomoza Delmar alivaa viatu vya mpira akaenda na wavu kwenye mtaro, maana kila shamba lina watoro. Akashusha wavu, akainua. Bi Harusi, hai, anarusharusha shela lake juani. Akashusha tena. Watatu. Majani ya kando ya mtaro yalikuwa bado meupe kwa barafu.

Akarudi nyumbani uso umempauka. Akakaa bila kuvua viatu, tope likanichuruzikia sakafuni, wala sikuwa na moyo wa kumgombeza.

"Tangini wanakufa," akasema. "Mtaroni wanaishi. Samaki yule yule."

"Labda wa tangini walikuwa wagonjwa."

"Sijui."

"Labda wa mtaroni ni wababe."

"Sijui, Faye! Sijui!" Katika ndoa yetu yote hiyo ndiyo mara ya kwanza kunipandishia sauti, na alipandisha kwa neno lile lile.

Twyla habari zilimfika kabla ya chakula cha mchana, maana huku hata mbu akiuma watu wanajua. Aliingia bila kubisha hodi.

"Umekwenda kuchungulia mtaro wangu kama mwizi wa kuku?"

"Ni mtaro wa umma, dada."

"Nimekufuta pua, Delmar Futch! Nimekufunga kamba usizame! Leo unanizamisha mimi?"

"Dada, mimi sijaandika kitu bado."

"Ndiyo ugonjwa wako huo! Andika basi, nijue nimekufa!"

Akatoka, mlango ukabaki unapigapiga. Damu nzito kuliko maji, wanasema. Siku ile sikujua kama ni kweli, na sikujua nimwonee huruma nani. Mume wangu alikuwa anajaribu kuwa mwaminifu, na wifi yangu alikuwa anajaribu kuishi. Nilimkasirikia samaki.

Alasiri Delmar aliinuka, akanyanyua ufunguo wa gari, akaniambia, "Twende." Tukaenda mtaroni. Alipiga magoti pale pale alipovua asubuhi, akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono majini. Akautoa. Akauingiza tena. Akaanza kucheka, cheko la tumboni ambalo sikuwa nimelisikia tangu watoto wetu wahame.

"Miguu yangu," akasema. "Faye, mimi ni punda. Miguu yangu!"

Ndipo nikaelewa. Maji aliyovulia hayakuwa maji ya mtaro. Yalikuwa ya kisima cha Twyla, cha Lyle Stancil, cha wafugaji wote, yanayomwagwa siku za jalidi tu. Yeye alikwenda kupima baridi mahali na siku ambapo wafugaji wote wa Wimauma wamewasha jiko. Mtu wa kutoka mbali angesamehewa. Lakini mtoto aliyekuwa akipasha miguu joto pale pale!

Tulikwenda moja kwa moja kwa Twyla. Kaka na dada wakakumbatiana kwenye varanda, Twyla akampiga kofi la mgongo lililosikika barabarani, akatupa njugu za kuchemsha na chai baridi yenye sukari ya kutosha kulewesha nyuki. Nikafikiri yamekwisha.

Njiani kurudi, Delmar akapunguza mwendo. Namjua akipunguza hivyo.

"Nini tena?"

"Nguva," akasema.

"Nguva wamefanya nini?"

"Januari wanakwenda wapi?"

Kila mtu anajua wanakokwenda. Wanajaa kwenye chemchemi kaskazini mwa hapa, wanyama wale wanene wa majini, wanaota joto mpaka baridi ipite. Maana maji ya chemchemi ndiyo yale yale ya kisima. Mwamba mmoja, uvuguvugu mmoja, ila yale yanatoka yenyewe na hakuna wa kuyazima.

"Bi Harusi akifika chemchemi," akasema Delmar, "hafi milele."

"Ataendaje huko? Kwa basi?"

"Kwa ndoo. Mtu mmoja aliyechoka kusafisha tangi."

Nilitamani kumnyang'anya usukani. Maji yale yale yaliyomwokoa samaki saa moja iliyopita sasa yanamtia hatiani! Nikamwambia asimwambie Twyla. Akasema lazima amwambie Bi Prewitt. Nikasema basi mwambie Bi Prewitt kwa lugha ngumu. Hakucheka.

Bi Prewitt alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema chemchemi anaweza kuzilinda: atakataza samaki huyo kuuzwa kule, ataweka walinzi na mabango. Asichoweza kulinda ni kila dimbwi, mtaro na ziwa la nyuma ya nyumba ya mtu. "Nataka kitu kimoja. Bwawa la kawaida, hakuna pampu, hakuna plastiki, jalidi la kweli. Wakifa, dada yako ataendelea kuuza. Wakiishi, hapana. Na safari hii, Delmar, sitaki kuona lile neno lako."

Kwa hiyo ikabidi tumwombe Twyla aue bwawa zima la samaki wake kwa mkono wake, ili aokoe mengine.

Nilidhani atatufukuza. Alikwaruza tope kwenye kucha. "Nachagua mimi bwawa?"

"Chagua, dada."

"La Harlan."

Harlan alikuwa mumewe, moyo ulisimama akiwa juu ya trekta. Bwawa lile ndilo la mwisho alilochimba, na alichimba kupita kiasi. Upande mmoja alishuka mpaka Lyle Stancil akamuuliza kama anatafuta mafuta ya petroli. Kutaniwa kulimfanya achimbe zaidi. Twyla alilipenda bwawa lile, na nilidhani amelichagua kwa sababu ya uchungu, kama mtu anayesema kama ni kuumia niumie hasa. Hakuna aliyefikiri jambo lingine. Delmar, anayefikiri mambo yote, hilo hakulifikiri.

Jalidi la pili lilikuja mwanzoni mwa Februari, kali kuliko la kwanza. Pampu zote za Wimauma zilinguruma isipokuwa moja.

Tulifika kumepambazuka. Ukungu ulikuwa unafuka juu ya mabwawa mengine yote, la Harlan lilikuwa limetulia. Na juu yake, ee Mungu, walikuwa wametapakaa, weupe, mapezi yamekunjuka, kama ukumbi wa harusi wageni wameondoka na kuacha mapambo. Korongo watatu walikuwa wameshasimama ukingoni wanasubiri tuwaachie.

Twyla alianza kucheka. Alicheka huku machozi yanamtiririka, akanivuta, tukacheka wote, tumesimama mbele ya mizoga tunashangilia kama timu yetu imefunga bao. "Wamekufa, wifi! Tazama walivyokufa vizuri!" Lyle Stancil alikuja na mkewe wameleta mikate midogo ya moto na mchuzi, akavua kofia yake, akairudisha, akaivua tena. "Sasa hapa tunapeana pole au pongezi?" akauliza. Tukala.

Delmar alizunguka bwawa na kipimajoto chake, akaandika andika, akampigia simu Bi Prewitt. Nilimsikia akisema, "Ndiyo mama, inaonekana wote." Halafu akasema kitu ambacho sijawahi kumsikia akikisema. "Nina hakika." Akaenda garini kukaa na karatasi yake. Lyle na mkewe wakarudi kwao. Twyla akachukua wavu wa mkono aanze kuopoa mizoga kabla haijanuka.

Nilikuwa nakusanya sahani. Nilimwona akiopoa upande wa huku, akimwaga kwenye ndoo, akisogea, mpaka akafika ule upande ambao Harlan alichimba. Akashusha wavu. Hakuinua.

Alikuwa amenipa mgongo. Halafu akachuchumaa, akavua glavu, akaingiza mkono majini mpaka begani. Nikajua. Sijui nilijuaje. Kule chini Harlan alikuwa amepasua mahali maji ya mwamba yanapopenya. Kidogo tu, ya kujaza kikombe taratibu, lakini mchana na usiku, vuguvugu.

Nilimsogelea. Walikuwa wamejikusanya shimoni, hawazidi wa kujaza kofia, wamebanana mapezi kwa mapezi, hai.

Aliniangalia. Delmar alikuwa garini, kioo kimepandishwa, kalamu mkononi. Korongo peke yao ndio walikuwa wanatuona. Wavu ulikuwa mkononi mwake, na ndoo ilikuwa pale. Nawaambia kweli, mimi ningenyamaza. Mimi mke wa hakimu ningewafunika kwa ndoo na kwenda kunywa kahawa, na ningelala usingizi. Nilimwambia kwa macho. Nikaongeza kwa mdomo, pole pole, "Wifi. Ni wachache tu."

"Wachache ndio wanaozaa wengi," akasema. "Mimi nilianza na wangapi?"

Akainua kichwa. "Delmar! Njoo huku. Kunja shati."

Alikuja anakimbia, karatasi mkononi. Akapiga magoti kando ya dada yake, akaingiza mkono. Niliona uso wake ukibadilika. Hakucheka safari hii. Walikaa hivyo wawili, mikono majini, kama watoto.

"Hili si bwawa la kawaida," akasema Delmar. "Dada, hili lina chemchemi. Jaribio limeharibika. Halihesabiki."

"Mabwawa mangapi ya hapa yana chini kama hii?"

"Sijui."

"Delmar."

"Hakuna anayejua! Huenda ni hili peke yake. Huenda ni nusu yake. Huwezi kuona mpaka..." Akautoa mkono majini. "Nitaandika sijui. Na siyo uongo, dada, naapa. Nikiandika sijui, wataahirisha. Utapata mwaka mzima. Labda miwili."

Twyla alimpangusa tope shavuni kwa kiganja, nadhani bila kujua anafanya hivyo. "Swali linasemaje? Lisome."

Akasoma. "Je, anaweza kuvuka majira ya baridi ya hapa bila msaada wa binadamu?"

"Yuko pale. Nani amemsaidia?"

Delmar akatazama tena shimoni.

"Nani amemsaidia, mdogo wangu?"

Akaweka karatasi juu ya goti. Nilimtazama mkono. Mtu asiyeweza kuagiza mayai aliandika neno moja, ndiyo, akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akajikunja pale ukingoni, akalia kwa sauti, na sikujua nimwendee yeye au nimwendee dada yake, nikabaki katikati na sahani zangu.

Twyla ndiye aliyeinuka kwanza. Alijipangusa mikono kwenye suruali, akatembea mpaka kwenye kibanda cha pampu ya bwawa la Harlan. Tukasikia injini ikikohoa, ikakohoa tena, ikashika. Maji yakaanza kumiminika kutoka kwenye bomba, mvuke ukapanda juu ya mizoga na juu ya wale waliobaki.

"Dada," Delmar akasema, macho mekundu, "unawasha ya nini? Wataagiza tuwaondoe wote."

"Najua," akasema Twyla, akiinama kurekebisha bomba lielekee shimoni. "Lakini leo wana baridi."